Utetezi wa Maktaba na Istilahi Zake: Kutoka Mkutano wa Kijiji hadi Bungeni

Miongoni mwa dhana zilizoenea nchini pamoja na vyama vya hiari katika miaka ya 1990 ni ile ya kundi la watu kupanga, kwa makusudi na kwa muda mrefu, namna ya kuwafanya watunga sheria walitazame jambo fulani kwa jicho jema. Kwa bahati mbaya dhana hiyo haijapata jina moja katika Kiswahili. Wapo wanaoiita utetezi, wapo wanaoiita ushawishi, na wengine huiita uraghibishi au uchechemuzi. Huenda msomaji akadhani kwamba tofauti hizo ni za wataalamu wa lugha tu. La hasha. Jina ambalo watu huipa kazi ndilo linalowaambia kazi hiyo ianze lini na ifanywe mbele ya nani. Katika suala la maktaba, kama tutakavyoona, wanaoanza kwa kuchelewa hukuta mlango umefungwa na Katiba yenyewe.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano wa kata ya Makere katika Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu, kwenye barabara iendayo Kibondo. Kwa walio mbali, eneo hili linajulikana zaidi kwa sababu ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kutoka Makere hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 100, na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ilizoea kuweka maktaba zake kwanza katika miji mikuu ya mikoa. Tuseme basi kwamba wananchi wa kata hiyo, pamoja na walimu wao, wanataka chumba cha kusomea chenye vitabu, taa na mhudumu anayelipwa. Wamwendee nani, wakiwa na neno gani, na katika mwezi upi?

Tuanze na neno. Kitenzi kushawishi ni kizuri kwa asili yake, maana ni kumvuta mtu kwa maneno hadi akubali. Lakini katika nchi yetu neno hili limechafuka. Kila mara magazeti yanaporipoti mashauri yanayofunguliwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, msomaji hukutana na mshtakiwa aliyeshawishi, akaomba na kupokea. Kikundi cha wazazi kinachomwandikia diwani kwamba kinataka kuja "kufanya ushawishi" kinajitia mashakani bila sababu, na diwani mwangalifu atatafuta udhuru. Hatusemi neno lifutwe katika kamusi. Tunasema halifai kuandikwa juu ya barua ya kuomba miadi.

Uchechemuzi nao una kasoro ya namna nyingine. Wanaolitumia hulinasibisha na tendo la kuamsha na kuchangamsha. Lakini sikio la mtu wa kawaida husikia kuchechemea, yaani kutembea kwa kuburura mguu wenye maumivu. Istilahi inayohitaji kufafanuliwa kila inapotajwa mkutanoni ni mzigo kwa anayeitumia. Uraghibishi una hadhi zaidi. Kuraghibisha ni kumtia mtu hamu ya jambo, na kazi hiyo wakutubi wameifanya siku zote kwa kuwaraghibisha watoto wapende vitabu. Hata hivyo, kumtia mtu hamu hakulazimu kumtaka aamue jambo. Mbunge anaweza kuraghibika kabisa na maktaba na asijue la kufanya.

Limebaki neno utetezi, nalo ndilo tunalolipendekeza, ingawa nalo lina hatari yake. Mtetezi katika fikra za wengi ni wakili, na wakili huitwa baada ya mtu kushtakiwa. Hivyo basi, jumuiya za maktaba huelekea kukaa kimya hadi maktaba itishiwe kufungwa au fungu lake likatwe, ndipo zinapokimbilia kwa mbunge. Kuna maana nyingine ya kutetea ambayo wafugaji wa kuku wanaijua: kuku anayekaribia kutaga hutetea, yaani huanza kulia kabla yai halijaonekana. Msomaji atusamehe kwa mfano huu wa uani, lakini ndio ulio karibu zaidi na maana tunayoitaka. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi kamili iwe utetezi wa mwaka mzima, na pale inapohitajika kutofautisha, utetezi wa kibunge kwa ule unaoelekezwa kwa wabunge na utetezi wa kihalmashauri kwa ule unaoelekezwa kwa madiwani.

Sasa tuje kwenye sababu ya maneno mwaka mzima. Ibara ya 99 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaeleza kwamba Bunge halitashughulikia mambo fulani ya fedha, yakiwemo kuagiza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amependekeza jambo hilo lishughulikiwe na pendekezo lake liwe limewasilishwa na Waziri. Kwa lugha nyepesi, mbunge hawezi kusimama mwezi wa Juni na kutoa hoja kwamba fedha za maktaba ziongezwe kwa kiasi fulani. Akitaka kupunguza, anaruhusiwa. Kuongeza ni haki ya Serikali. Wananchi wengi hawalijui jambo hili, na ndiyo maana hulaumu wabunge wao kwa kutofanya lile ambalo hawana mamlaka ya kulifanya.

Kutokana na kanuni hiyo ndipo ulipozaliwa msemo maarufu wa bungeni wa kushika shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia makadirio ya wizara, mbunge asiyeridhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Shilingi hiyo si fedha inayotafutwa na mtu yeyote. Ni njia halali ya kumlazimisha Waziri atoe maelezo, kwa kuwa kupunguza hakugusi ile ibara ya 99. Waziri akieleza vizuri au akitoa ahadi, mbunge hurudisha shilingi na shughuli huendelea. Kwa mtetezi wa maktaba, shilingi ni chombo cha kupata ahadi iandikwe katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Haileti vitabu mwaka huo. Ahadi hiyo hufaa mwaka unaofuata, ikiwa kuna mtu aliyeinakili na kuitunza. Na ni nani anayetazamiwa kutunza maandishi kama si mkutubi? Ieleweke pia kwamba muda wa Kamati ya Matumizi una mpaka. Ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja bila maelezo, na shilingi ambayo haijashikwa hubaki mfukoni.

Neno fungu lenyewe linastahili maelezo, maana kila mtu anadhani analijua. Sokoni, fungu ni nyanya tano au sita zilizopangwa pamoja kwa bei moja. Katika vitabu vya bajeti, fungu ni jumla ya fedha zilizotengwa kwa wizara, idara au mkoa, na kila fungu lina namba. Bodi ya Huduma za Maktaba iko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ambayo ni Fungu 46. Mkoa wa Kigoma, pamoja na halmashauri zake, ni Fungu 74. Ndani ya fungu kuna vifungu, na ndani ya vifungu kuna kasma, ambayo ni mstari mmoja wa matumizi yenye jina na kiasi chake. Tofauti hii si ndogo. Wananchi wa Makere wakimwomba mbunge wao azungumzie maktaba wakati wa Fungu 46, wanaomba Bodi ya taifa iwafikie. Wakitaka chumba kijengwe na mhudumu alipwe na halmashauri yao, jambo lao liko katika Fungu 74, na limeamuliwa Kasulu miezi kadhaa kabla halijasikika Dodoma. Ombi lililopelekwa katika fungu lisilo lake hujibiwa kwa adabu na kusahauliwa.

Kuwa na njia mbili namna hii kuna historia yake. Sheria ya kwanza ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa katika mpango wa madaraka mikoani. Sheria Namba 6 ya mwaka 1975, iliyoipa Bodi umbo jipya, ilitungwa basi katika kipindi ambacho wilayani hapakuwa na baraza la madiwani la kuombwa kitu. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Ni miaka hiyohiyo ya katikati ambapo kampeni za kisomo zilipunguza idadi ya watu wazima wasiojua kusoma kutoka takriban theluthi mbili mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kwa takwimu rasmi za wakati huo. Yaani wasomaji waliongezeka kwa kasi katika muongo ambao kijiji hakikuwa na baraza la wilaya la kulidai vitabu. Mazoea ya kuitazama maktaba kuwa jambo la Dar es Salaam peke yake, kwa maoni yetu, yana mizizi hapo.

Hapa ni pahali pa kutaja muswada. Kwa mwandishi na mchapaji, muswada ni kazi iliyoandikwa lakini haijachapishwa kuwa kitabu. Kwa mbunge, muswada ni sheria inayopendekezwa na bado haijapitishwa. Asili ni moja: neno la Kiarabu lenye maana ya maandishi ya mwanzo, lililotokana na weusi wa wino. Katika makala juu ya maktaba maana zote mbili huweza kukutana katika sentensi moja, kwa hiyo tunashauri kuandika muswada wa sheria kwa ukamilifu. Tunashauri pia kwamba asiyetaka kubadili sheria asiseme anataka muswada. Maktaba ya kata haihitaji sheria mpya; inahitaji kasma. Aidha, wengi huchanganya Sheria ya Fedha na Sheria ya Idhini ya Matumizi ya Fedha za Serikali. Ya kwanza inahusu kodi na mapato, ya pili inahusu matumizi. Anayelalamikia kodi ya karatasi na vitabu aisome ya kwanza. Anayetafuta mshahara wa mkutubi aisome ya pili.

Baada ya kuyaweka sawa majina hayo, kalenda inasomeka kwa urahisi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Sheria inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Mkutano wa robo ya kwanza, kati ya Julai na Septemba, ndio wa kulileta jambo la maktaba. Tunasisitiza hivyo kwa sababu ya hali ya nchi yenyewe. Katika nyanda za juu za Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba, na watu huwa mashambani wakipanda mahindi na maharage. Mkutano unaoitishwa Novemba huhudhuriwa na wachache, na kwa kawaida vipaumbele vya vijiji huwa vinakusanywa wakati huo. Hatujui ni nani aliyepanga mwaka wa fedha ukapishana hivi na mwaka wa mkulima, lakini mtetezi wa maktaba lazima aihesabu miaka yote miwili.

Kutoka kijijini jambo hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha huenda halmashauri. Huko husomwa na kamati za kudumu, hasa ile inayoshughulikia elimu na ile ya Fedha, Uongozi na Mipango, kabla ya kufika kwenye Baraza la Madiwani. Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa Baraza hilo, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Mtu wa Makere anayepanga safari ya Dodoma kumtafuta mbunge wa Kasulu Vijijini, au mwenzake wa Kibondo anayemtafuta mbunge wa Muhambwe, angeweza kumkuta karibu zaidi, katika kikao ambacho kauli yake ina uzito juu ya kasma yenyewe. Tena mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mfuko huo si mkubwa, lakini rafu za vitabu na mabati ya chumba kimoja si mambo makubwa.

Mwezi Novemba Serikali huwasilisha bungeni mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka ujao pamoja na mwongozo wa maandalizi ya bajeti. Katika mwongozo ndimo panapotokea istilahi ukomo wa bajeti, yaani kiasi ambacho fungu haliruhusiwi kukivuka. Neno ukomo linatumika rasmi na hatuna nia ya kulipinga, ila tumeona kwamba wasiolizoea hudhani ni mwisho wa muda, kana kwamba bajeti imekoma. Katika mikutano ya hadhara ni afadhali kusema kiwango cha juu. Kabla ukomo haujawekwa, maktaba inaweza kuongezwa bila kumnyang'anya mtu. Baada ya hapo, kila shilingi ya maktaba lazima itolewe kwenye zahanati, kisima au darasa, na mtetezi wa maktaba atajikuta anagombana na mama mjamzito. Ugomvi huo hawezi kuushinda, wala hapaswi kutamani kuushinda.

Kati ya Januari na Machi makadirio ya halmashauri hupitishwa na madiwani na kujadiliwa katika Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Kamati za Bunge hukutana kabla ya Mkutano wa Bajeti, na hapo ndipo utetezi wa kibunge hasa unapofaa. Kamati ni ya watu wachache, husoma karatasi, na huweza kuishauri Serikali ibadili makadirio yake kabla hayajafika mbele ya Bunge zima. Karatasi yenyewe iwe ya ukurasa mmoja, yenye idadi ya shule, idadi ya wanafunzi, umbali wa maktaba iliyo karibu na kiasi kinachoombwa. Takwimu hizo huweza kudaiwa kutoka halmashauri kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwombaji haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Anayezihitaji Machi basi aziombe Januari. Mkutano wa Bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni.

Katika mwaka wa uchaguzi mkuu, kama ilivyokuwa 2020 na 2025, kalenda hii huvurugika. Mabaraza ya madiwani huvunjwa kabla ya uchaguzi, Bunge nalo huvunjwa, na madiwani wapya huanza kazi wakati maandalizi ya bajeti yamekwisha kupamba moto. Diwani mpya hana kumbukumbu ya ahadi za aliyemtangulia. Hapo tena jalada la mkutubi lina thamani kuliko hotuba.

Wenzetu wa nje nao wamepita njia hii. Chama cha maktaba cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1876 na chenye makao yake Chicago, kwa miaka mingi kilikuwa na siku maalumu ya wakutubi kwenda Washington kuonana na wawakilishi wao, lakini viongozi wake wamezoea kuwakumbusha wanachama kwamba siku hiyo haina faida kwa mtu ambaye mwakilishi wake hajawahi kumwona kabla. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilizitaja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Tangu hapo mtetezi wa maktaba ya Kisumu au Nakuru hana budi kujua njia ya kwenda kwenye bunge la kaunti vilevile kama anavyoijua ile ya Nairobi.

Kuna jambo la lugha ambalo limebadilika kwa faida yetu. Sheria ya maktaba ya mwaka 1975 iliandikwa kwa Kiingereza, kama sheria nyingi za wakati huo, na mwananchi wa kijijini alihitaji mkalimani ili ajue Bodi imepewa kazi gani. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, na kazi ya kuzitafsiri sheria za zamani ikapata nguvu mpya. Watafsiri watakaposhughulikia sheria za aina hii tunawaomba wasitumie mtunza maktaba mahali ambapo mkutubi limekwisha kukubalika, na waitofautishe maktaba ya umma, ambayo iko wazi kwa kila mtu, na maktaba ya shule. Tofauti hiyo ikipotea katika tafsiri, halmashauri itaweza kuonyesha kabati la vitabu katika ofisi ya mwalimu mkuu na kusema kwamba kata ina maktaba.

Tumalizie na maneno mawili yanayochanganywa kila mwezi Julai: kuidhinishwa na kutolewa. Fedha zilizoidhinishwa ni zile ambazo Bunge limeruhusu zitumike. Fedha zilizotolewa ni zile ambazo Hazina imekwisha kuzipeleka, au ambazo halmashauri imekwisha kuzikusanya na kuzilipa. Baina ya hizo mbili huweza kuwa na pengo kubwa, na kasma iliyoandikwa vizuri huweza kumaliza mwaka bila kuguswa. Taarifa za utekelezaji husomwa katika Baraza la Madiwani kila robo mwaka, na vikao vya kawaida vya Baraza viko wazi kwa wananchi. Basi kikundi cha Makere kilichofanikiwa kuingiza kasma yake mwezi Machi kimteue mtu mmoja wa kwenda Kasulu katika kikao cha Oktoba, akiwa na daftari, aulize kupitia kwa diwani wake ni shilingi ngapi zimetolewa. Mwezi huohuo, kijijini, orodha ya vipaumbele vya mwaka unaofuata itakuwa inaandikwa.